Ufunguo Si Chumba

Wako wafundishao amri za kompyuta kabla ya maana yake. Kwa maoni yetu, huko ni kuanzia mkiani.

Tuchukue mfano. Orodha ya wanafunzi wa Unguja yatakiwa igawanywe katika faili saba, moja kwa kila wilaya. Programu ikifungua na kufunga faili kwa kila jina, kazi huzorota. Katika lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, twaweza kufungua zote mara moja na kuweka vishikio vyake katika kamusi. Tukitaja "Kati" au "Kusini", twapata kishikio kihusikacho.

Lakini kishikio si faili, kama ufunguo usivyo chumba. Faili ikifungwa, kishikio hubaki katika kamusi bila ya kufaa, mithili ya ufunguo wa kufuli iliyokwisha kubadilishwa. Isipofungwa, na programu ikakatika ghafla, majina yasiyokwisha kuandikwa diskini hupotea.

Basi, ndugu mwanachuo, anza na makasha saba na vikaratasi vya majina. Watoto wagawe kwanza wakifungua na kufunga kila mara. Kisha wayaache wazi, wafunge mwishoni, na kuhesabu. Tofauti wataiona wenyewe. Kompyuta ifuate.