Mdada wa Tengeru Anawasomea Watu Kitabu Bure, Eti Ni Mjinga?

Stori imezunguka sana siku hizi kuanzia Tengeru mpaka Kijenge. Kuna mdada mmoja, jina libaki kapuni, ambaye usiku nyumba ikishalala anajifunika blanketi gubigubi, simu na tochi humo humo ndani, anasoma kitabu kwa sauti. Siku ya kwanza bibi yake alimsikia akadhani mjukuu ameanza maombi ya usiku wa manane. Siku ya tatu akamgongea mlango kumuuliza kama ni mzima.

Alikuwa anasoma sura za Vita na Amani, ile riwaya nene ya Mrusi Leo Tolstoy, kwa Kiingereza, kwa ajili ya kitabu cha sauti ambacho mtu yeyote duniani atakisikiliza bure. Halipwi hata mia. Blanketi ni la kuzuia mwangwi. Usiku wa manane ni kwa sababu mchana bodaboda, jogoo na spika za jirani haziachi neno lipite.

Kosa lake ni moja tu: alitupia kipande cha dakika mbili kwenye grupu la WhatsApp la waliomaliza naye shule. Hapo ndo moto ukawaka. Mmoja akasema wazungu wamepata punda. Mwingine, mtangazaji ambaye sauti yake mjini hapa inajulikana sana, akaicheka lafudhi, eti Tolstoy akifufuka akasikia Kiingereza cha Kimeru atarudi kaburini mwenyewe. Wa tatu akauliza swali la kawaida tu: mbona hujasoma cha Kiswahili?

Hoja tatu, na sasa vijiweni zinarudiwa na watu wazima. Mbili hazina uzito unaodhaniwa. Moja inauma kweli.

Kwanza kazi yenyewe. Mtandao anaosomea mdada huyu ni LibriVox, ulioanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada. Wasomaji wote ni wa kujitolea. Kitabu kinagawanywa sura kwa sura, kila mtu anachukua yake, anarekodi kwake, mwingine anasikiliza kama kuna maneno yaliyorukwa, kisha kinawekwa mtandaoni. Ndiyo maana watu wasiofahamiana waliweza kuimaliza Vita na Amani, yenye sura zaidi ya 360. Mtu mmoja angeota mvi. Na hakisomwi kitabu chochote tu: kinasomwa kile ambacho hakimiliki yake imeisha muda. Tolstoy alifariki mwaka 1910, kwa hiyo hapo hakuna anayeibiwa.

Sasa hoja ya punda. Jioni, kuanzia Ilboru mpaka Usa River, kwaya zinasikika zikifanya mazoezi. Wanakwaya wanajilipia nauli, wanajinunulia sare, wanaimba msibani na harusini, na hakuna anayewaita punda. Mtu akitoa sauti yake bure kanisani ni mcha Mungu, akiitoa kwenye simu ni mjinga? Kinachowasumbua wengi si ubure. Ni kwamba mtandaoni wamezoea kuona kila kitu kina namba: wafuasi wangapi, matangazo kiasi gani. Kitu kisicho na namba kinaonekana hakina akili.

Tena mwenye kitabu mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo huo. Mwaka 1891 Tolstoy alitangaza hadharani kwamba kazi zake zilizotoka baada ya mwaka 1881 mtu yeyote azichape bila kumlipa. Zile za zamani, Vita na Amani ikiwemo, akamwachia mke wake Sophia. Na mama huyo hakufurahi hata kidogo, maana familia ilikuwa kubwa na hela za vitabu ndo zilizokuwa zinaendesha nyumba. Hapo pana somo kwa pande zote mbili. Kutoa bure ni heshima, ila bure siku zote ina mtu anayeilipia. Tengeru anayelipia ni mama mtu, anayeulizwa kila baada ya siku mbili kama ana elfu moja ya bando.

Na kuna jambo la pili ambalo mdada anapaswa kulijua kabla hajaendelea. Rekodi za LibriVox hazina mwenyewe. Msomaji akishatoa, ametoa. Kesho mtu anaweza kuichukua sauti ile akaiweka YouTube na kula matangazo, na sheria haina la kumwambia. Anayetoa kwa moyo aitoe akijua hilo, asije kulia baadaye.

Hoja ya lafudhi ndo nyepesi kuliko zote. Vita na Amani iliandikwa kwa Kirusi, na sehemu zake kwa Kifaransa. Kile Kiingereza nacho ni cha mfasiri. Sasa Mwingereza akisoma anasoma kwa lafudhi ya nani, ya Moscow? LibriVox wanapokea lafudhi zote, na humo wamo Wahindi, Wajerumani na Wamarekani wa kila kona. Mtangazaji anayecheka anajua vizuri kwamba yeye mwenyewe akifika Dar wanamjua ni wa Chuga kabla hajamaliza salamu. Hakuna aliyemwambia aache redio.

Inabaki ile ya tatu. Mbona si Kiswahili? Hapa mdada hakuwa na jibu, na hakuna haja ya kumtetea kwa uongo. Bibi aliyemgongea mlango hawezi kusikiliza hata sura moja ya mjukuu wake. Mama lishe, dereva wa lori la Namanga, mzee ambaye macho yameisha nguvu, wote hao wanasikiliza simulizi kutwa. Wanazipata wapi? YouTube. Na hapo ndipo penye aibu ambayo mtaa hauisemi. Wapo wasimulizi wakubwa, wenye sauti tamu na wafuasi kibao, wanaochukua hadithi za waandishi wachanga wa Facebook bila kuomba, wanabadilisha jina la mhusika, wanakula matangazo. Mwandishi akilalamika anaambiwa ashukuru anatangazwa. Huyo anaitwa staa. Mdada anayesoma kitabu kisicho na madai, kwa bando lake, anaitwa punda. Nani hapo anastahili kuchekwa?

Ila Kiswahili kina mtihani wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimwekea mwandishi ulinzi wa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Na mfasiri naye analindwa kama mwandishi. Shakespeare alikufa mwaka 1616, lakini Mabepari wa Venisi ni kazi ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, kwa hiyo si ya kujichukulia. Maana yake ni kwamba anayetaka kumsoma Mrusi bure kwa Kiswahili lazima kwanza amfasiri mwenyewe, au ampate mfasiri atakayekubali kutoa bure. Sura zaidi ya 360? Hapana. Huko ni kujitafutia presha.

Lakini Tolstoy ana hadithi fupi, isiyozidi kurasa chache, aliyoitoa mwaka 1886, ambayo ilitakiwa isomwe kuzunguka Mlima Meru kabla ya kokote. Ni ya mkulima Pahom, anayeambiwa atapewa ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu kutwa moja, mradi arudi alipoanzia kabla jua halijazama. Anakwenda mbali, tamaa inamvuta, anarudi mbio, anaanguka na kufa palepale. Anapata kipande cha kumtosha kulala chini tu. Ni miongoni mwa zile alizoziachia dunia bure, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa.

Nani asiyejua habari ya ardhi huku? Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili walowezi wa Kizungu wafuge. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika New York kuieleza Umoja wa Mataifa, kwa michango ya watu wa kawaida wa mlimani. Hawakushinda siku ile, ila dunia ilisikia. Safari ile nayo ilikuwa ni ya kujitolea, na hakuna aliyeuliza mchangiaji anapata faida gani.

Majuzi mdada, akiwa jikoni, alimsimulia bibi yake habari ya Pahom kwa Kiswahili, bila blanketi wala simu. Dakika kumi hivi. Bibi mwaka ule wa 1951 alikuwa mgongoni mwa mama yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akasema, "Huyo alikufa kwa kutaka nyingi. Sisi tulifukuzwa tukiwa na kidogo chetu. Mjukuu wangu, na hiyo nayo uisome."

Simulizi ya bibi mwenyewe bado haijaandikwa popote ya kusomwa. Iko kwa bibi, na wenzake wanapungua kila mwaka. Mdada amalizie sura zake za Mrusi, ahadi ni ahadi. Akimaliza, simu ile ile na blanketi lile lile vimfuate bibi jikoni. Na wale waliocheka kwenye grupu wamchangie bando, hata la buku moja moja.

Wadau wa Chuga wanasemaje, mdada aendelee au aache?