Gari la kupeleka oda ni duka, likatie bima kama duka

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, mvua ikianza tu Dodoma utasikia maneno yaleyale: "Kampuni za bima ni wezi, gari limeingia maji wamegoma kulipa." Wanaozungusha watu wapo, sikatai. Ila maoni yangu ni kwamba madai mengi ya maji yanakufa siku ile tunayokata bima, wingu lenyewe halijatanda.

Sisi wa Chang'ombe tunajipa moyo kwamba Dodoma ni kame. Ni kweli, mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili. Lakini korongo lililokauka miezi saba linaweza kujaa kwa mvua ya saa moja, na IST yako imekwama katikati na oda za watu.

Kwanza, bima ndogo hailipi gari lako. Inamlipa uliyemgonga, basi. Ya maji ni bima kubwa, nayo uisome: zipo zinazoacha mafuriko nje mpaka uongeze hela.

Pili, na hapa ndipo tunapoumia: umekata bima ya gari binafsi, halafu kila siku unapeleka mizigo. Status yako ya WhatsApp inasema "tunakuletea mpaka mlangoni". Mkaguzi akiuliza gari lilikuwa linaenda wapi, utajibu nini? Ukidanganya ni kosa, ukisema kweli unaweza kukosa malipo. Bora useme kweli mapema, ulipie bima ya biashara.

Najua mtasema ni ghali. Tupige hesabu: gari la milioni 12, kwa 3.5% ni 420,000 kabla ya VAT, yaani 35,000 kwa mwezi. Ya biashara itazidi hapo kidogo. Iingize kwenye bei ya kupeleka mzigo. Injini mpya na wiki mbili bila kupeleka oda utaviingiza wapi?

Tatu, gari likizimika kwenye maji USIPIGE STATA. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, konrodi inapinda, na bima watasema injini umeiua mwenyewe. Fanya hivi:

- Toka kwanza, uhai ndiyo mtaji wa kwanza.
- Maji yakipungua, piga picha nje na ndani, zionyeshe yalipofikia.
- Wapigie bima siku hiyohiyo, waulize kama wanataka ripoti ya polisi.
- Gari livutwe. Fundi asifungue kitu kabla mkaguzi hajaliona.
- Tunza risiti zote, hata ya kulivuta.

Na jueni hili: bima ya gari hailipi mzigo uliomo. Nguo na simu za wateja zilizolowa ni juu yako, labda uwe na bima ya mizigo.

Wakigoma kulipa, omba barua yenye sababu. Barua hiyo ndiyo utakayoenda nayo TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Malalamiko ya kwenye magrupu hayajamlipa mtu.

Leo usiku toa hati yako ya bima, tafuta vitu viwili: matumizi ya gari na mafuriko. Usipoviona au usipovielewa, mpigie aliyekukatia kesho asubuhi, kabla hujapeleka oda ya kwanza.