Pac-12 imefufuka, lakini je, ni ileile?

FIKIRIA Simba na Yanga wanaiaga Ligi Kuu siku moja, kisa kuna ligi nyingine inalipa zaidi. Kabla hujakaa sawa, timu nyingine nane nazo zinabeba virago. Msimamo wa ligi unabaki na majina mawili tu. Je, hiyo bado ni ligi?

Ndicho kilichoikuta Pac-12 ya Marekani. Hii ni ligi ya vyuo vikuu vinavyocheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Usiichukulie poa kwa sababu ni ya wanafunzi. Kule kuna vyuo vyenye viwanja vya watu 100,000 na vinajaa, na haki za televisheni zinauzwa kwa mabilioni ya dola. Halafu hakuna kupanda wala kushuka daraja. Chuo kikialikwa na ligi nyingine na kikaona kuna masilahi, kinahama.

Pac-12 ina mizizi tangu 1915 na vyuo vyake vimetwaa zaidi ya mataji 500 ya NCAA ukijumlisha michezo yote. Lakini kiangazi cha 2023 kilitosha kuibomoa. Julai 1, 2026 ndiyo tarehe iliyopangwa kwa sura mpya: vyuo nane vya futiboli, pamoja na Gonzaga ambacho hakina timu ya futiboli ila ni moto wa kuotea mbali kwenye kikapu.

Kwa hiyo jina limepona. Swali gumu ni kama kilichobaki ndani ya jina hilo kina nguvu ya kuishi.

UFA ULIANZIA LOS ANGELES

Juni 30, 2022, USC na UCLA walitangaza kuhamia Big Ten, ligi yenye asili yake majimbo ya kati. Wiki chache baadaye Big Ten ikasaini mkataba wa miaka saba na Fox, CBS na NBC, wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7.

Los Angeles ni soko la pili kwa ukubwa la televisheni Marekani. Pac-12 ilipolipoteza, iliingia kwenye mazungumzo ya mkataba mpya ikiwa na kikapu kilichotoboka, na ule wa zamani ulikuwa unaisha 2024.

Mazungumzo yakaburuzwa mwaka mzima. Mwisho wa siku kilichowekwa mezani ni dili la Apple, mechi zioneshwe kwa njia ya intaneti na malipo yapande kulingana na idadi ya watu watakaolipia kutazama. Yaani vyuo viombee watu wanunue!

Colorado hawakusubiri, Julai 27, 2023 wakaenda Big 12. Agosti 4 ikawa siku ya msiba: Oregon na Washington wakatimkia Big Ten, huku Arizona, Arizona State na Utah wakienda Big 12. Septemba 1, Stanford na California wakakubaliwa ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, tena kwa kukubali mgawo pungufu wa hela za TV kwa miaka kadhaa. Timu za ufukwe wa Pasifiki zinavuka bara zima kwenda kucheza mechi za ligi! Pima mwenyewe hofu iliyokuwepo.

BIG 12 WALIPONA VIPI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanasema Pac-12 ilikufa kwa sababu vigogo waliondoka. Sio kweli yote. Big 12 nao walikimbiwa na vigogo. Julai 2021, Texas na Oklahoma waliamua kwenda SEC, na watu wakaanza kuwachimbia kaburi waliobaki.

Walifanyaje? Miezi miwili tu baadaye wakawaalika BYU, Cincinnati, Houston na UCF. Halafu Oktoba 2022 wakamalizana na ESPN na Fox, ingawa mkataba wao wa zamani ulikuwa unaisha baada ya ule wa Pac-12. Waliruka foleni, wakachukua fungu lao, na waliokuwa mbele wakakuta meza imepungua.

Ligi iliyojeruhiwa inaweza kupona kama waliobaki watafungana haraka kabla kila mmoja hajaanza kuchungulia mlango. Big 12 walifungana. Pac-12 walikaa wakitazamana.

WAWILI WANG'ANG'ANIA FUNGUO

Walioachwa ni Oregon State wa mji wa Corvallis na Washington State wa Pullman. Hii ni miji midogo. Siku ya mechi ndiyo siku ya biashara, hoteli zinajaa, migahawa inapumua. Timu ikishuka hadhi, mji mzima unaumia.

Wawili hao wakaenda mahakamani jimbo la Washington wakidai kuwa anayeaga hawezi kuendelea kupiga kura nyumbani. Wakashinda, wakabaki na udhibiti wa bodi na mali za ligi. Bila ushindi ule, leo tusingekuwa na la kujadili.

Sheria za NCAA zinataka ligi ya daraja la juu la futiboli iwe na wanachama wasiopungua wanane, ila zinatoa miaka miwili ya neema. Saa ikaanza kugonga. Septemba 2024 Pac-12 ikafanya kilekile ilichofanyiwa, ikaingia kwa jirani. Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State wakachomolewa kutoka Mountain West, baadaye Utah State akafuata.

Mountain West wakasema sawa, lakini makubaliano yetu yana faini ya kuchukua timu, leteni dola milioni 55. Pac-12 wakakimbilia mahakamani wakisema faini hiyo si halali. Juzi unalia umeporwa, leo unaburuzana na jirani kwa timu ulizochukua kwake!

Sio kila aliyefuatwa alikubali. Memphis, Tulane, South Florida na UTSA waliamua kubaki kwao. Wa nane akapatikana Juni 30, 2025: Texas State, siku moja kabla ada yake ya kuondoka Sun Belt haijapanda maradufu.

MTIHANI WENYEWE

Idadi imetimia, na mikataba ya TV ipo, na CBS wamesaini hadi msimu wa 2030-31. Kwa maana ya kuwepo tu, Pac-12 itaishi.

Lakini angalia kilichotokea uwanjani. Septemba 2024 Washington State waliwafunga watani wao Washington 24-19 pale Seattle. Mashabiki wakasema, si mnaona, bado tupo. Miezi mitatu hivi baadaye, kocha Jake Dickert akaenda Wake Forest na kinara wa kurusha mpira, John Mateer, akaenda Oklahoma. Mtangulizi wake, Cam Ward, alikuwa ameshaondoka kwenda Miami, na Aprili 2025 akawa chaguo namba moja kwenye drafti ya NFL. Oregon State nao walishampoteza kocha Jonathan Smith, aliyekwenda Michigan State 2023.

Hilo ndilo donda. Siku hizi mchezaji wa chuo anahama kirahisi na analipwa kihalali. Chuo chenye mgawo mnono wa TV kinanunua, chenye mgawo mdogo kinalea halafu kinauza. Pac-12 mpya imekuwa shamba la miche, wengine ndio wanaovuna.

Njia ya kupumua ni mchujo wa ubingwa wa taifa, ambao tangu 2024 una timu 12 na unawapa nafasi mabingwa watano wa ligi. Ligi nne kubwa zinatazamiwa kuchukua nne. Inabaki moja ya kugombewa. Boise State waliipata 2024 wakiwa Mountain West, na sasa wamo Pac-12.

Kwa hiyo tusidanganyane. Mpinzani wa Pac-12 leo siyo Big Ten tena. Ni Mountain West, American na Sun Belt, na vita ni ya kiti kimoja. Ikikipata mara kwa mara, itakuwa bora ya daraja la kati, nalo si jambo dogo kwa watu wa Pullman na Corvallis.

Ikikikosa miaka mitatu mfululizo, Boise State wataanza kuchungulia mlango. Na mikataba mikubwa ya TV itakapoanza kumalizika kuanzia 2030, mchezo wa viti utarudi upya. Safari hii Pac-12 isisubiri kuona nani anainuka kwanza.