Binti Aliyechagua Afya ya Jamii

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, alinijia bwana mmoja ambaye wanawe wote wamepita chuoni kwangu, uso wake hauna raha. Binti yake amepata nafasi Chuo Kikuu, naye amechagua elimu ya Afya ya Jamii. "Maalim," akaniambia, "mimi nalitaraji daktari. Sasa ameniletea orodha ya masomo isiyo kichwa wala miguu: hesabu, sheria, maji, uchumi, mila za watu. Huu ni mchanganyiko gani?"

Sikumlaumu. Wengi wetu twadhani afya ni sindano na dawa, basi. Nikamsimulia kisa cha London, nami nakileta hapa kwa ajili ya vijana wetu wanaochagua masomo.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, na kwa muda wa siku kumi kikaua watu zaidi ya 500. Zama hizo wataalamu wengi walishika kuwa maradhi hayo huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow yeye alishuku maji. Akaandika idadi ya waliokufa na nyumba walizokaa, akaona wengi wao walikunywa maji ya kisima kimoja cha Broad Street. Jirani palikuwa na nyumba ya mafakiri yenye watu 535. Wakafa 5 tu, kwani ilikuwa na kisima chake. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba la kisima kile ukaondolewa, ijapokuwa, tuseme haki, maradhi yalikwisha anza kupungua.

Mimi humpenda zaidi mtu wa pili wa kisa hiki, naye hatajwi sana: padri kijana, Henry Whitehead. Hakumsadiki Snow, akatoka ili ayabatilishe maneno yake. Hakusomea tiba, lakini alizijua nyumba za mtaa ule, na watu walimfungulia milango. Akarudi nyumba zile zile mara kadha wa kadha, hata akapata habari za mtoto mchanga aliyeharisha kabla ya wengine. Mama yake alifua nguo zake na kumwaga maji katika shimo la uchafu la nyumba, karibu mno na kisima. Mpima majengo akachimbua mwaka 1855, akakuta shimo lile linavuja kuelekea kisimani.

"Basi hesabu," nikamwambia. "Daktari, mjuzi wa watu, mpima majengo, na wakuu wa mtaa wenye amri ya kung'oa mpini. Mtoe mmoja, uone kama jambo litatimia. Orodha ya binti yako ndiyo hao."

Akauliza, mtoto wa kike ataingiaje majumbani mwa watu? Nikacheka. Nani afunguliwe mlango wa uani kama si yeye?

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza ada ni kiasi gani.