Paka Aliyeacha Kula

Wale mnaofika ofisini kwetu kutaka cheti cha ubatizo mwamjua paka wetu, maana ndiye alalaye juu ya kabati la vitabu. Msidhani ni mvivu. Kabla hajaja, panya walitafuna pembe za kitabu kimoja, na majina ya watoto kadhaa yakabaki nusu. Kwa karani hakuna baya kama hilo, kwa kuwa siku ya kufunga ndoa mtu huyo atakuja kuniuliza jina lake limekwenda wapi.

Basi, Jumatatu moja hakushuka kabatini. Nilimwekea dagaa, hata kunusa hakunusa. Jioni nikamkuta chini ya benchi, amelala ubavu, anapumua mbio mbio. Mzee mlinzi akasema apewe maziwa, ati maziwa huua sumu. Mama jirani, mwenye huruma nyingi, akaniletea panadol: "Ana homa huyo, Mwalimu, mpe nusu." Nami niliyesomea ualimu na kufundisha watoto habari za afya, nilikuwa nimekwisha kuivunja. Bahati nzuri nikampigia simu bwana mifugo kwanza. Akanikemea: "Usithubutu!"

Kumbe dawa hiyo, ambayo sisi twaimeza bila wasiwasi, kwa paka ni sumu kali. Ini lake halina nguvu ya kuivunja, na damu yake hushindwa kuchukua hewa. Kidonge kimoja chaweza kumwua. Na maziwa nayo hayaui sumu, tumezoea kusema tu.

Kisha akaniuliza: Je, amekojoa? Maana paka dume akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, njia imeziba, naye aweza kufa kwa siku moja au mbili. Je, anatokwa udenda, au ameuma mtu? Hapo pana hofu ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia huugua. Si kila mnyama mwenye kichaa huwa mkali. Wengine hupooza kimya. Paka wa namna hiyo asitiwe mkono kinywani kutafuta mfupa. Akimwuma mtu au kumparuza, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku ile ile.

Wetu alikuwa amekojoa, wala hakuwa na udenda. Basi nikaambiwa niinue mdomo wake wa juu taratibu, nitazame ufizi. Ulikuwa mweupe kama karatasi. "Nani ametega sumu ya panya?" akauliza.

Ni mimi. Siku nne nyuma niliitega katika ghala la mahindi, naye paka bila shaka alikula panya aliyeila. Sumu ya namna ile haiui siku hiyo hiyo. Huizuia damu isigande, mnyama akavuja ndani kwa ndani, na dalili hutokea baada ya siku 3 hadi 5.

Nilitaka kungoja nione, lakini bwana mifugo alikataa. Mbali na sumu, paka asiyekula siku 2 au 3 huanza kujaa mafuta ini, na hilo peke yake laweza kumwua. Alfajiri nikamtia katika tenga la kuku, nikalifunika kwa kitenge, tukateremka Morogoro. Sisi wa Uluguru tuna bahati: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, hufundisha madaktari wa wanyama, nacho kina hospitali yao. (Hapo hapo chuoni panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Sikumwambia paka.)

Nilichukua na pakiti ya sumu, na daktari akafurahi, maana sumu hazifanani. Ile yenye fosfidi ya zinki hutoa gesi tumboni, na tiba yake ni nyingine. Yetu dawa yake ni vitamini K: sindano kwanza, kisha vidonge vya majuma manne. Gharama nimelipa mwenyewe. Sumu ilikuwa yangu.

Siku hizi ghalani natumia mitego ya kubana, na mahindi yamo katika mapipa ya bati yenye vifuniko. Kidonge cha mwisho kilimezwa Jumapili, na mkono wangu una mikwaruzo mitatu. Jioni alikula dagaa wote.