Rupia ya Mjerumani na safari ya Marekani

Niseme msimamo wangu mapema: karibu kila sarafu ya zamani iliyolala ndani ya kopo nyumbani kwenu haistahili kutumwa Marekani ikapimwe daraja. Najua kuna watakaonuna. Kaa kijiweni nusu saa, hukosi kumsikia mtu mwenye rupia ya Mjerumani na mwenzake anayemshauri aitafutie "cheti" ili auze mamilioni. Wapo pia wanaoapa kwamba rupia ya kweli inavuta punje za mchele. Hao wa mchele tuwaache kwanza. Nataka kuongea na hawa wa cheti.

Cheti kipo kweli. Kampuni mbili kubwa za kazi hiyo ni PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, zote za Marekani. Unawatumia sarafu na ada. Wanaangalia kama ni halisi, kisha wanaipa namba kati ya 1 na 70. Sarafu ya 1 imesagika hata picha haionekani vizuri. Kuanzia 60 kwenda juu ni ile ambayo haikupita mikononi mwa watu sokoni. Baada ya hapo inafungiwa ndani ya kasha la plastiki lenye namba, na mnunuzi aliye Berlin au Tokyo anaweza kuihakiki namba hiyo kwenye tovuti yao.

Kwa maneno mengine, kinachouzwa pale ni kuaminiana. Sarafu inarudi ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu asiyekujua, ambaye hatakutana na wewe maisha yake yote, sasa anaweza kukutumia fedha bila kuogopa kuuziwa chuma chakavu. Huduma nzuri hiyo. Lakini kuaminiana kuna bei, na bei hiyo lazima iwe ndogo kuliko kitu chenyewe.

Rafiki yangu mmoja aliletewa na mama yake sarafu sita kutoka Tabora. Alikuwa ameshaweka pembeni fedha za kuzituma zote, na fedha hizo, kwa taarifa yenu, zilikuwa za muhula wa mdogo wake. Tulikaa mezani tukazipanga. Tatu zilikuwa heller moja za shaba (ndiyo, huyu heller ndiye aliyetuachia neno hela). Mbili ni heller 20 za mwaka 1916 zenye herufi T, yaani Tabora. Moja ni rupia ya fedha ya 1892, yule Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya tai, upande wa pili simba na mnazi.

Sasa tupige hesabu kama watu wazima. Ada ya kupima, kutuma kwa bima, kurudishiwa: sarafu moja ikisafiri peke yake ni vigumu kupona chini ya laki mbili. Ukituma sita pamoja, usafiri mnagawana, ada haipungui. Heller moja ni sarafu zilizotengenezwa kwa mamilioni, na ikiwa imechakaa huuzwa kwa dola chache. Hizo tatu tukazirudisha kwenye kopo.

Heller 20 za Tabora zina hadithi tamu zaidi. Vita vya Kwanza vilipopamba moto, Waingereza walifunga bahari, fedha kutoka Ujerumani hazikuingia tena, na Wajerumani wakaanza kugonga sarafu zao kwenye karakana ya reli Tabora, wakitumia shaba na maganda ya mizinga. Ndiyo maana nyingi zimekaa upande, herufi zimefifia, utadhani zimetengenezwa na mtu mwenye haraka. Alikuwa na haraka kweli. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Lakini hadithi tamu haimaanishi sarafu adimu. Ziligongwa zaidi ya milioni moja. Wakusanyaji huchunguza ukubwa wa taji na ncha za herufi L, kwa sababu baadhi ya michanganyiko ni adimu, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa kioo cha kukuzia, bure. Za rafiki yangu zilikuwa za kawaida.

Ikabaki rupia. Hapo ndipo nilipoumia. Mtu fulani katika ukoo, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa kama sahani ya harusi. Wapimaji wakiona mikwaruzo ile hawatoi namba. Wanaandika kwamba ni halisi ila imesafishwa, na bei inaporomoka. Jamani, waambieni mama zenu na shangazi zenu: ule weusi uachwe. Sarafu ya fedha iliyopiga weusi wake wa miaka mia moja ina thamani kuliko iliyosuguliwa jana.

Kwa hiyo ni ipi inayostahili safari? Ninayoijua kwa Tanzania ni rupia 15 ya dhahabu, ya Tabora pia, ya 1916, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Singida. Ziligongwa elfu kumi na sita na kidogo tu, na iliyo safi huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa sababu hiyohiyo za bandia ni nyingi, na hakuna mnunuzi mwenye akili atakayekulipa kwa kuangalia picha ya simu. Hapo laki kadhaa za kupima ni fedha iliyotumika vizuri. Ila kabla ya kutuma, pita kwa sonara mwenye mizani ya uhakika: tembo anatakiwa awe na takriban gramu 7.17. Rupia ya fedha isiyochakaa ni gramu 11.66 hivi. Ikipungua sana au ikizidi, umeokoa nauli. Na usimruhusu sonara aondoe kile kikonyo cha mkufu kilichochomelewa, hata akikuambia itapendeza. Moto wake utaacha kovu jingine. Iache ilivyo, wapimaji waione hivyohivyo.

Nimalizie na jambo ambalo madalali hawalisemi. Ukiokota ufukweni Kilwa au Mafia kisarafu cha shaba chenye maandishi ya Kiarabu, hicho si cha kutuma popote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863 kuwa mabaki ya kale, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Sarafu za masultani wa Kilwa ni za karne nyingi kabla ya hapo. Piga picha, andika mahali ulipoiona, peleka taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Dalali akikuambia atakupelekea Marekani "kimyakimya", muulize kwa nini iwe kimyakimya.