Kosa la Kinjeketile

Safu ya Msomaji, na Mwanahamisi Kombo

Mwulize mwanafunzi wa sekondari aliyesoma tamthilia ya Ebrahim Hussein akutajie sifa za Kinjeketile. Hatasita: shujaa, mzalendo, mwenye msimamo, aliyewaunganisha watu. Majibu hayo ni sahihi na yanapata alama. Tatizo ni kwamba kijana anaweza kuyakariri yote, akafaulu, akamaliza shule bila kuambiwa kuwa mhusika huyu alikosea, tena kosa lililogharimu roho za watu.

Namzungumzia Kinjeketile wa jukwaani. Yule wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ni mtu mwingine, na Hussein mwenyewe aliwatenganisha katika utangulizi wake. Wa historia alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mwisho wa vita hivyo mwaka 1907 hakuuona. Lakini katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, Hussein alimwacha mhusika wake aishi mpaka awaone waliopewa maji ya kuwakinga wakianguka kwa risasi. Huo ni uamuzi mzito wa mwandishi. Alitaka mtu aliyelitamka neno alione lilikofika.

Watu wa tamthilia hii wana njaa. Wanalimishwa kwa viboko kwenye shamba la Mjerumani waliyempachika jina la Bwana Kinoo, na makabila hayaaminiani. Kinjeketile anaingia katika Mto Rufiji, anatoka akiwa amepagawa, na maji ya mzimu Hongo na ahadi mbili: risasi hazitawadhuru, na wote watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Watu wanashangilia. Yeye, akili zikishamrudia, anaisikia upya ile ahadi ya pili na inamtisha. Kumfukuza Mjerumani ili uwe chini ya Sultani ni kubadilisha bwana tu. Tangu hapo hana hakika tena ni nani aliyesema kwa kinywa chake.

Kuingiwa na shaka si kosa. Kosa ni alivyoitunza shaka hiyo. Waliopewa maji hadharani walistahili kuelezwa hadharani kwamba aliyewapa hana tena uhakika nayo. Badala yake anawaambia wangoje: wajifunze vita, waimarishe umoja, wasubiri amri yake. Sababu hasa ya kungoja anaijua yeye na watu wake wa karibu, kama Kitunda. Wengine wanangoja na kiboko kiko mgongoni, siku zinapita, na mwisho uvumilivu unawaishia. Wanakwenda vitani na imani ileile aliyowapa siku ya kwanza. Nani awalaumu, ilhali hawakupewa nyingine?

Hoja ya upande wa pili naijua, nami siidharau. Angeitangaza shaka yake, umoja ule ungesambaratika siku hiyohiyo, maana kilichowaleta pamoja ni maji. Hussein anaipa hoja hiyo nafasi yake yote, na ndiyo maana Kinjeketile hawi tapeli hata kidogo. Ni mtu mwema anayeogopa kwamba ukweli utabomoa jambo jema alilolijenga. Hofu hiyo naielewa. Bado haimfutii kosa. Anayekwenda kuikabili bunduki ana haki ya kujua anachokwenda nacho, na hakuna kiongozi, hata awe na nia safi kiasi gani, aliyepewa ruhusa ya kumfichia. Wasomaji wa kwanza wa Hussein walijua vizuri gharama inayozungumzwa: makadirio ya waliokufa katika vita ile, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

Kisha linakuja onyesho la gerezani. Vita imeshindwa, na Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda anamsihi akubali. Anakataa, kwa kuwa anajua kauli hiyo itageuzwa silaha: watoto watakaozaliwa watafundishwa kwamba wazee wao walikosea kupigana. Kila nikilisoma onyesho hili nakiweka kitabu chini kwa muda. Na kila mara naona kwamba anayemnyima Mjerumani neno ni yuleyule aliyewanyima neno watu wake. Tabia ya kulilinda lile alilolianzisha, liwagharimu watu chochote, ndiyo iliyompoteza kabla ya vita na ndiyo iliyompa heshima mbele ya adui. Ukimsafisha kosa la kwanza, humwelewi tena pale gerezani. Unabaki na sanamu.

Nadhani mazoea haya ya kumwona mhusika ni mwema mtupu au mwovu mtupu tumeyatoa mbali. Katika hekaya za Shaaban Robert jina linamtambulisha mtu kabla hajatenda lolote: Adili ni mwadilifu, nduguze Hasidi na Mwivu nao ni kama walivyoitwa. Kwa hekaya inafaa kabisa. Lakini tulikwenda na kipimo hichohicho kwa Euphrase Kezilahabi, na Rosa Mistika ya mwaka 1971 ikapigwa marufuku shuleni kwa sababu ya mwenendo wa Rosa. Zakaria, baba mlevi aliyempiga binti yake kwa barua ya mvulana na kumlea kwa woga mpaka asijue kujiongoza, hakupigiwa kelele kiasi hicho. Denge wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi naye tunamsifu kwa kupigania uhuru, na kwa nadra tunauliza mapenzi yake yalimwachia Yasmin nini.

Walimu wa fasihi, na nyinyi mnaotunga mitihani, ongezeni swali moja: Kinjeketile alikosea wapi, na alipaswa kuwaambia nini watu wake? Mwanafunzi atakayejibu kwa ushahidi kutoka kitabuni apewe alama zake zote, hata kama jibu lake halifanani na lile la mwongozo.